Kikundi: Ukoo wa Bi Rukia

10:04 Da Zuhura (Houston): Jamani, AC ya kwa Idi haiwaki tangu alfajiri. Mama yumo humo ndani, nyumba imeshafika nyuzi 31. Yusufu jibu. Hamadi jibu. Idi najua uko kazini, lakini simu unayo mfukoni.

10:08 Da Zuhura: Mmesoma wote, naona. Semeni basi.

10:09 Yusufu: Shikamoo shangazi. Nipo. Kioo cha themostati, ile ya ukutani ya kuamrisha AC, ni cheusi, hakionyeshi kitu.

10:11 Hamadi (Muscat): Yusufu, anza na betri, AA mbili. Kikibaki cheusi nenda kwenye boksi la umeme gereji. AC yenu ina breka mbili, moja ya mashine ya darini na moja ya mashine ya nje. Breka iliyojikata mara nyingi husimama katikati, ukiitazama utadhani iko sawa. Izime mpaka mwisho ndipo uiwashe. Mara moja tu. Ikijikata tena iache, hapo pana shoti.

10:12 Rama (Dar): Kipepeo cha ukili hakina breka wala betri. Nimtumie Bibi?

10:12 Salma: 😂😂😂

10:13 Rama: Changu ni cha Makunduchi, hakijawahi kuita fundi.

10:13 Da Zuhura: Rama tafadhali.

10:20 Yusufu: Betri mpya, breka zote nimezizima na kuziwasha. Bado cheusi.

10:22 Hamadi: Basi zile volti 24 hazifiki ukutani. Huo ndio umeme mdogo unaoziamrisha mashine zote mbili, unatoka kwenye transfoma darini. Kabla hujapanda, toka nje. Juu ya dirisha moja utaona kibomba cheupe kimetokeza ukutani. Kinatoa maji?

10:25 Yusufu: Ndiyo ami. Dirisha la jikoni. Kinachuruzika.

10:27 Hamadi: Tumeshapajua pa kuanzia. Hicho ni kibomba cha dharura. Kikitoa maji, jua bomba kubwa limeziba na sinia iliyo chini ya mashine inajaa. Nacho kikizidiwa, boya lililo kwenye sinia linainuka na kukata umeme ili dari isiloe. Kwenu wameunga boya kwenye waya wa R, ule unaoipa themostati umeme, ndiyo maana imezimika kabisa. Wangeliunga kwenye Y, waya wa kuiita mashine ya nje, themostati ingewaka, ila mashine ya nje isingeitika.

10:28 Da Zuhura: Na siki ya kila mwezi ya kusafishia bomba? Idi, hili tulilizungumza siku ya arubaini ya Mzee.

10:30 Hamadi: Yusufu, zima breka ya darini. Chukua ile vakyumu inayovuta maji, ifunge kwa kitambaa kwenye mdomo wa bomba kubwa nje, karibu na ardhi, ivute dakika mbili tatu. Utatoka utelezi kama kamasi. Halafu panda, nyonya maji ya sinia mpaka boya lishuke. Kanyaga boriti tu, katikati ni jasi, utatokea sebuleni. Usikawie huko, dari ya Houston mchana hupita nyuzi 50. Kwenye bomba pale mashineni kuna tundu lenye kifuniko: mimina kikombe kimoja cha siki nyeupe, ngoja nusu saa, fuatisha maji.

10:31 Rama: Siki si ya achari?

11:09 Yusufu: Themostati imewaka!! Mashine ya darini inapuliza.

11:10 Da Zuhura: Alhamdulillah. Ya nje je?

11:16 Yusufu: Nimengoja zile dakika tano ambazo themostati huichelewesha mashine ya nje. Inanguruma tu. Feni yake haizunguki.

11:17 Hamadi: ZIMA. Themostati kwanza, kisha breka ya nje. Kompresa, ile pampu ya gesi, ikinguruma bila kuanza inavuta umeme mwingi mno, itaungua. Hiyo ni kapasita, kile kikopo kinachoipa kompresa na feni msukumo wa kuanza. Usifungue kifuniko. Kapasita hubaki na umeme hata ukishazima kila kitu.

11:20 Da Zuhura: Kapasita si ilibadilishwa mwaka jana? Picha aliyotuma yule fundi hii hapa. [picha]

11:24 Hamadi: Ikuzeni. Mchoro uliobandikwa ndani ya kifuniko unataka mikrofaradi (kipimo cha kapasita) 45+5. Aliyoweka imeandikwa 35+5. Hizo 45 ni za kompresa, 5 za feni. Kompresa imefanya kazi mwaka mzima kwa kapasita pungufu, inapata joto na kapasita yenyewe inachoka. Volti unaweza kupanda, 370 ukaweka 440. Mikrofaradi lazima zilingane.

11:26 Da Zuhura: Nilisema mimi. Gari lake halikuwa hata na namba ya leseni. Texas gari la fundi wa AC lazima liandikwe namba inayoanza na TACL.

11:31 Idi: Nimesimamisha lori. Fundi yule nilimtafuta peke yangu, nyote mkiwa kimya. Kama nilivyolipa tiketi ya Mama peke yangu.

11:32 Da Zuhura: Tiketi usiilete hapa Idi.

11:33 Idi: Umeanza wewe.

11:33 Salma: Mimi mchango wangu wa tiketi nilimpa Rama.

11:34 Rama: 🙈

11:47 Ami Saidi (Unguja): Asalaam alaykum. Natoka msikitini nakuta haya. Mama yenu anakunywa dawa ya presha, ile inayokausha maji mwilini, nanyi mnahesabiana tiketi. Mtoeni humo sasa hivi. Zuhura mchukue. Idi nyamaza.

11:48 Idi: Sawa ami.

11:48 Da Zuhura: Naam ami. Natoka sasa.

11:52 Yusufu: Bibi anasema haendi kwa shangazi, kwa sababu ya yale ya sikukuu ya Idi Kubwa. Anataka awekewe feni tu.

11:54 Hamadi: Feni inasaidia sasa. Nyumba ikifika nyuzi 35 itampulizia joto. Mpe maji kidogo kidogo, mfunge mapazia ya upande wa jua, mumkazanie atoke. Kwa fundi semeni hivi: kapasita 45+5 ya volti 440, na aangalie ncha za kontakta, swichi inayowasha mashine ya nje, sisimizi wa Texas hupenda kufia pale. Halafu apime umeme wa kompresa inapoanza. Kapasita yenyewe haifiki dola 50. Akisema gesi imeisha kabla hajapima, mwacheni aende.

11:55 Da Zuhura: Nani anampigia fundi? Nani analipa?

12:10 Da Zuhura: Niko barabarani. Nauliza tena.

12:38 Mama Mdogo Mwanaidi: Ndiyo kwanza nafungua simu. Mama aje kwangu, ila ngazi zangu anazijua. Fundi nitatoa nusu. Nusu nyingine Rama anajua ilipo.