Likizo nje ya nchi: tuombe viza kwanza au tukate tiketi kwanza?

Matlai aliuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi na mwenzangu tunakusudia kuwapeleka watoto wetu wawili, mmoja wa miaka minane na mwingine wa miaka kumi na mitatu, likizo nje ya nchi mwakani. Itakuwa mara ya kwanza kwetu sote kuvuka mpaka kwa ajili ya mapumziko, na kwa kuwa akiba yenyewe tumeikusanya kwa muda mrefu, tungependa kupanga kwa utulivu kuliko kwenda kwa pupa. Tunafikiria zaidi Italia na Ufaransa kwa wiki mbili, ingawa mwenzangu bado anaitaja Peru kwa sababu ya Machu Picchu, magofu ya mji wa kale wa Wainka, na suala hilo hatujalifunga.

Kinachotutatiza hasa ni utaratibu. Mmoja anatwambia tukate tiketi mapema kwa kuwa nauli hupanda kadiri siku ya safari inavyokaribia. Mwingine anatuonya tusilipe chochote kabla viza haijatoka. Nasi tukisoma masharti ya viza tunaona kwamba mwombaji hutakiwa kuonyesha nafasi ya ndege na mahali atakapolala. Mtu aanzie wapi ikiwa kila jambo linadai lingine litangulie? Naomba pia mawaidha kuhusu afya, fedha na namna ya kugawa siku zenyewe.

Daftari la Safari alijibu:

Ndugu Matlai, ugumu unaousema ni wa kweli, lakini hulegea mtu akitenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kushika nafasi na kulipa bila uwezekano wa kurudishiwa. Ofisi za viza hutaka kuona kwamba mna mpango unaoeleweka, yaani tarehe, njia na mahali pa kulala. Hazihitaji muwe mmekwisha kutoa fedha msizoweza kuzipata tena. Kwa hiyo shikeni nafasi ya ndege ambayo shirika linakubali kuihifadhi kwa muda au kuifuta kwa masharti nafuu, chagueni hoteli zinazoruhusu kughairi bila faini hadi siku chache kabla ya kufika, kisha tiketi yenyewe mwilipie viza ikiwa tayari mkononi. Ninawasihi sana msikubali mtu awatengenezee nafasi za uongo kwa ajili ya maombi tu. Karatasi ya kughushi ni sababu tosha ya kunyimwa viza, na kumbukumbu yake huweza kuwafuata katika maombi ya baadaye.

Kabla ya hayo yote, zifungueni pasipoti zenu leo na msome tarehe. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi sita mbele. Nchi za eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ambamo Italia na Ufaransa zimo, hutaka iwe hai kwa miezi mitatu zaidi baada ya siku mnayokusudia kuondoka humo, iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, na iwe na kurasa mbili tupu. Pasipoti za watoto hutolewa kwa muda mfupi kuliko za watu wazima katika nchi nyingi, na ndizo zinazosahaulika mara nyingi, maana mzazi huangalia yake, akaridhika, akadhani za familia nzima ziko sawa. Majina nayo yalinganisheni herufi kwa herufi na yale yatakayoandikwa kwenye tiketi.

Ikiwa pasipoti mnayobeba inadai viza ya Schengen, maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasichelewe kupita siku 15 kabla yake. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu uchunguzi uendelee hadi siku 45 pale ofisi inapohitaji kuangalia zaidi. Mimi ningehesabu hizo 45 kana kwamba ndizo kawaida, na juu yake ningeongeza muda wa kungoja miadi ya kupeleka fomu, kwa kuwa majira ya watu wengi kusafiri miadi hujaa mapema sana. Maombi mnayapeleka kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ni ile mtakayoingia kwanza. Kwa hiyo mgawanyo wa siku kati ya Italia na Ufaransa uamueni kabla ya kuijaza fomu, na baada ya hapo msiubadilishe ovyo. Mtoto wenu wa miaka kumi na mitatu atachukuliwa alama za vidole kama ninyi, ila yule wa miaka minane hatachukuliwa, kwa kuwa walio chini ya miaka 12 wamesamehewa. Bima ya safari ni sharti pia, na kima cha chini cha matibabu na kurudishwa nyumbani kinachotakiwa ni euro 30,000.

Mwenye Ramani alijibu:

Nakubaliana na aliyotangulia kuyasema Daftari, ila ningeanza hatua moja nyuma. Karatasi zote hizo zinaandikwa tarehe, na tarehe nzuri haipatikani mpaka mtu ayajue majira ya mahali aendako. Tarehe ikichaguliwa kwa kufuata nauli peke yake, familia huweza kujikuta Roma katikati ya Agosti, jua likiwa kali na wenyeji wengi wakiwa wamekwenda likizo yao wenyewe inayoizunguka sikukuu ya tarehe 15. Mwishoni mwa Aprili, Mei, na kuanzia katikati ya Septemba hadi Oktoba ni nyakati za upole zaidi katika miji hiyo. Tatizo ni shule, nami natambua kwamba kwa wazazi wengi tarehe haichaguliwi bali hupokelewa. Ikiwa ndivyo, basi ibadilisheni nchi badala ya tarehe.

Ndiyo maana pendekezo la mwenzio kuhusu Peru linastahili kupimwa kwa uzito. Juni hadi Agosti ni wakati wa ukavu katika milima ya Andes, nao ndio unaopendwa na wageni. Mvua hunyesha zaidi kati ya Novemba na Machi, na njia ya miguu ya Inka hufungwa kila Februari. Lakini kuna jambo la mwinuko. Mji wa Cusco uko kwenye takriban mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, ilhali Machu Picchu yenyewe iko karibu mita 2,430. Mtu anayetoka pwani akashuka kwenye ndege Cusco huweza kuumwa kichwa, kukosa usingizi na kuishiwa pumzi, hivyo wengi hushauriwa wateremke kwanza kwenye bonde la chini, wakae huko siku mbili tatu, kisha wapande mjini mwili ukiwa umezoea. Tiketi za kuingia Machu Picchu zina saa maalumu na idadi yake kwa siku ina kikomo, kwa hiyo huko ratiba nzima hujengwa kuizunguka siku hiyo moja.

Mkibaki na Italia na Ufaransa, ningewaomba msilale katika miji zaidi ya mitatu. Kila kuhama hoteli hula karibu siku nzima, na wanaochoka kwanza ni watoto. Roma, Firenze na Paris zinatosha kwa wiki mbili. Treni ya kasi kutoka Roma hadi Firenze huchukua takriban saa moja na nusu. Kateni tiketi ya ndege inayoingilia Roma na kutokea Paris, msilazimike kurudi mlikoanzia kwa ajili ya kupanda ndege tu. Angalieni pia siku za kufungwa: jumba la Louvre hufungwa Jumanne, na majumba ya makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi. Siku ya kwanza baada ya safari ndefu msipange jambo lolote lililolipiwa, kwa sababu mwili unaohama kanda kadhaa za saa huhitaji muda kuzoea usingizi mpya, hasa ukielekea mashariki.

Tabibu wa Wasafiri alijibu:

Nizungumzie afya, ambayo huachwa mwishoni wakati nayo ina kalenda yake. Nendeni kliniki ya wasafiri wiki nne hadi sita kabla ya kuondoka, kwa kuwa chanjo nyingine hutolewa kwa dozi zaidi ya moja, na hata iliyo ya dozi moja huhitaji siku ili kinga ijengeke. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku ya kumi baada ya kuchanjwa, na tangu tarehe 11 Julai 2016 kinadumu maisha yote ya mhusika, kwa hiyo asitokee wa kuwaambia kwamba cha zamani kimekwisha muda baada ya miaka kumi. Nchi nyingine hukidai kwa sababu ya mahali mlikotoka au mlikopitia hata kama huko mwendako ugonjwa huo haupo.

Kama kuna anayetumia dawa za kila siku, zibebwe katika mzigo wa mkononi, ndani ya vifungashio vyake vya asili, pamoja na barua ya daktari inayotaja jina la kitaalamu la dawa na kiasi chake. Dawa iliyo halali kwenu huweza kuwa marufuku kwingine. Japani hairuhusu kabisa dawa zenye amfetamini, kichangamshi cha mwili, hata kwa mwenye cheti cha daktari, na Falme za Kiarabu hudhibiti vikali kodeini na tramadoli, ambazo ni dawa za kutuliza maumivu. Hili ni jambo la kuangaliwa hata kwa nchi mnayopita tu.

Kuhusu bima, msiridhike na kile kima cha kupatia viza. Someni kama inalipia ugonjwa ambao mtu alikuwa nao kabla ya safari, kama inagharimia kuhamishwa mgonjwa kutoka sehemu ya mbali, na kama inarudisha fedha safari ikivunjika kwa sababu ya maradhi ya jamaa wa karibu. Kipengele hicho cha mwisho kina maana ikiwa bima imenunuliwa mapema, mara tu mnapoanza kulipa gharama zisizorudi.

Mzigo Mmoja alijibu:

Nyongeza yangu ni juu ya tiketi na fedha. Nauli ya chini sana mara nyingi hupatikana kwa kuunga tiketi mbili zinazojitegemea, na hapo ndipo penye hatari. Ndege mbili zikiwa kwenye tiketi moja, ya kwanza ikichelewa mkaikosa ya pili, ni wajibu wa shirika kuwatafutia nyingine. Zikiwa tiketi mbili, ya pili imepotea na mtanunua upya. Tena huenda mkalazimika kuichukua mizigo, kupita uhamiaji na kuikabidhi tena, jambo linaloweza kuhitaji viza ya nchi ambayo hamkukusudia kuitembelea. Marekani kwa mfano haina utaratibu wa kupita bila ukaguzi wa uhamiaji: kila abiria anayeunganisha ndege huko lazima awe na kibali cha kuingia au kupita, na kwa kawaida mizigo huichukua kwenye uwanja wa kwanza. Isomeni njia yote, uwanja kwa uwanja, kabla ya kulipa.

Mzigo ukichelewa au ukiharibika, msitoke uwanjani kabla ya kuandikisha taarifa kwenye kaunta na kupewa nambari. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao ni mkataba wa kimataifa wa usafiri wa ndege, madai ya mzigo ulioharibika hupelekwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea, na ya mzigo uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa kwenu. Kwa sababu hiyo gawanyeni nguo za kila mmoja katika masanduku tofauti, ili sanduku moja likipotea asibaki mtu hana cha kuvaa. Betri za ziada za kuchajia simu haziruhusiwi kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege.

Fedha bebeni kwa njia zaidi ya moja: kadi mbili za akaunti tofauti, zikae kwa watu wawili, na kiasi kidogo cha noti. Mashine ikiwauliza kama mnataka kulipa kwa fedha ya kwenu au ya nchi mliyopo, chagueni ya nchi mliyopo, maana ukichagua ya kwenu kiwango cha kubadilisha hupangwa upande wa mfanyabiashara, na kwa kawaida huwa kibaya kuliko cha benki yako.

Matlai aliandika:

Nawashukuru kwa dhati. Tumezifungua pasipoti, na kweli ya mtoto mdogo itakwisha kabla ya safari, hivyo tutaanza na hiyo. Likizo ya shule inatufungia Julai, kwa hiyo Peru imerudi mezani. Limebaki swali moja: huenda mwenzangu akalazimika kubaki kazini wiki ya kwanza, nami nikatangulia na watoto. Je, kuna zuio lolote?

Daftari la Safari alijibu:

Hakuna zuio kwa jumla, lakini maofisa wa mipakani huwa waangalifu mtoto akiwa na mzazi mmoja, hasa majina ya ukoo yakitofautiana, na wana haki ya kuwa hivyo. Andaeni barua ya idhini ya mzazi asiyesafiri, yenye tarehe za kwenda na kurudi, nambari za pasipoti, anwani mtakayofikia na simu yake, kisha ithibitishwe na wakili au ofisa mwenye mamlaka. Ambatisheni vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na vikiwa katika lugha isiyotumika huko, vitafsiriwe na mfasiri anayetambuliwa. Ulizeni ubalozi wa nchi mwendako na wa kila nchi mtakayopitia kama wana fomu yao maalumu, kwa kuwa baadhi hawaipokei barua ya kawaida. Karatasi hizo ziwe mkononi mwako wala zisiwe kwenye sanduku, na nakala moja abaki nayo mwenzio, kwa sababu ofisa akiwa na shaka yeye ndiye atakayepigiwa simu.