Mnaosema "wenyewe mmeuza" njooni hapa: kwa nini tunahama Mji Mkongwe

Wakuu salaam aleikum. Leo naandika na hasira, mtaniwia radhi.

Kila ikiguswa habari ya watu kuhama Mji Mkongwe wa Zanzibar, hakosekani mtu wa kurukia na jibu lake lile lile: "Wenyewe mmeuza, mnalia nini?" Juzi nimelisikia tena kwenye daladala ya Fuoni, kijana anambwatia bibi mtu mzima alozaliwa Kiponda. Bibi kanyamaza. Mimi siwezi.

Kwanza, wengi wetu hatukuuza kitu kwa sababu hatukuwa na kitu cha kuuza. Tulikuwa wapangaji. Sasa jiulize mwenye nyumba ya Shangani au Hurumzi anapiga hesabu gani. Mpangaji analipa kwa mwezi, kwa shilingi, na mara nyingine mpaka agongewe mlango. Mgeni analipa kwa usiku, kwa dola, kashalipa kabla hajapanda ndege. Julai na Agosti siku chache tu za mgeni zinampita mpangaji wa mwezi mzima. Basi unaletewa maneno mazuri: "Nataka kuifanyia nyumba ukarabati, naomba mtupishe, tutaonana baadaye." Hakuna baadaye. Ukija kupita, mlango umepigwa mafuta unang'ara, kibao cha shaba kimetundikwa, na pale kwenye ngazi mlipokuwa mkianika dagaa pamewekwa mtungi wa maua. Bawabu anakuuliza unamtaka nani.

Ukimlaumu mwenye nyumba peke yake utakuwa hujafika kwenye kiini. Mwaka 2024 Zanzibar imepokea watalii zaidi ya 700,000. Sensa ya 2022 imetuhesabu sisi, Unguja na Pemba pamoja, watu 1,889,773. Na wengi katika wageni hao wanataka angalau usiku mmoja au miwili Mji Mkongwe, katika vichochoro ambavyo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Tangu mji uingizwe kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, nyumba inatazamwa kwa vitanda inavyoingiza. Watu waliomo ndani hawamo kwenye hesabu.

Pili ni hao walouza kweli. Jamani, mnajua nyumba ya mirathi ilivyo? Babu kafa, kaacha nyumba ya ghorofa mbili Sokomuhogo na watoto wa wake watatu. Mmoja yuko Maskati, mmoja Dubai, wawili Uingereza, waliobaki hapa. Wajukuu nao wamesharithi sehemu za baba zao waliotangulia. Aliyeko Maskati ana fungu lake halali kwa sheria ya Mwenyezi Mungu, lakini halimpatii hata senti kwa sababu dada yake anaishi humo bure na watoto. Dada naye hatengenezi, kwa nini atie pesa zake kwenye nyumba ya watu kumi na tano? Wa nje hawatengenezi kwa sababu hawaishi humo. Miaka inakwenda, paa linavuja.

Na hapa kwenye paa ndipo nilipotaka kufika, maana wanaotuhukumu hawajawahi kulala chini ya dari ya boriti za mikoko wakati wa masika. Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Boriti zimepita juu, ncha zake zimezikwa ndani ya ukuta. Bati likitoboka tu, maji yanashuka mpaka kwenye zile ncha, mahali ambapo huoni. Mwanzo unaamka asubuhi shuka ina vumbi jeupe. Halafu donge la lipu linaanguka kwenye sahani. Halafu usiku mmoja unasikia mti unalia juu ya kichwa, unawatoa watoto kitandani unawalaza ukumbini, na kesho yake unaanza kuulizia chumba Tomondo, nje ya mji.

Unakwenda kwenye ofisi inayohusika. Unaambiwa usitie simenti. Na wako sahihi, nakiri kabisa: simenti inaufungia maji ukuta wa mawe, unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inakula ndani kwa ndani, na lipu ikibanduka inabanduka na ukuta wake. Chokaa ndiyo yenyewe. Lakini chokaa inataka irowekwe ikae, inataka fundi anayeijua, na mafundi hao wamebaki wazee wachache ambao mahoteli yameshawachukua. Boriti nazo ni ghali, mikoko haikatwi ovyo tena, na hilo pia ni sahihi. Madirisha yawe ya mbao. Rangi iwe ile. Mchoro uwe wa mtaalamu. Kila sharti ukilitazama peke yake lina maana. Yaweke yote pamoja juu ya mgongo wa mama mjane anayekaanga mandazi, umemwambia ahame bila kulitamka neno "hama".

Mwenye mtaji akija na msanifu wake na faili lake la rangi, mambo yanakwenda. Ujenzi wa hoteli pale Mambo Msiige mpaka Kamati ya Urithi wa Dunia ilihoji ukubwa na urefu wake, na jengo mnaliona limesimama mbele ya bahari. Mjane akibandika bati jipya tu anaandikiwa barua.

Tena msije mkasema watu wanazembea. Beit el Ajaib iliporomoka upande mzima tarehe 25 Disemba 2020, tena ikiwa kwenye matengenezo, na watu wawili walifariki. Ile ni nyumba ya Sultani Barghash, ya mwaka 1883, yenye serikali nyuma yake na wafadhili wa nje. Ikiwa hiyo imeanguka, mnategemea dada wa Sokomuhogo aizuie yake kwa mandazi?

Kwa hiyo siku mnunuzi anapokuja, hakuna anayekula pesa akatajirika. Pesa zinagawiwa kwa mafungu ya mirathi, dada wa watu anapata kiasi cha kununua kiwanja huko Fuoni na matofali ya kuanzia. Msingi unabaki nje unaota majani. Huyo ndiye mnayemwambia "wenyewe mmeuza".

Nyumba za serikali na za wakfu zina hadithi yao. Humo kodi ilikuwa nafuu na ndizo zilizowaweka wanyonge mjini tangu baada ya Mapinduzi ya 1964. Babu yangu naye aliingia mjini wakati huo, akitokea Makunduchi, kwenye nyumba ambayo wenyewe walikimbia. Sijasahau kwamba kabla yetu kuna watu waliohama kwa machungu makubwa zaidi kuliko haya, wengine leo wako Oman na Uingereza na hawajarudi. Lakini basi ndiyo mji huu kila kizazi uwatapike watu wake?

Maji sitaki kuyaongelea sana, mnajua wenyewe. Ghorofa ya pili hayapandi, unabeba madumu ngazi za mbao zilizosimama kama za minara, huku nyumba ya pili ina tangi, ina pampu, ina bwawa la kuogelea juu ya paa. Samaki: nenda soko la Malindi alfajiri uone nguru na pweza anavyonunuliwa kwa jumla na wapishi wa mahoteli. Ukifika na kikapu chako unabakishiwa cha kubakishiwa. Na muziki wa mapaani. Mtu ana mtoto mchanga, mtu ana mgonjwa, Isha imeadhiniwa, spika zinapiga mpaka vioo vinatetemeka. Ukilalamika unaambiwa unaharibu utalii. Mavazi ndiyo usiseme, kuna vibao vimeandikwa na hakuna anayevisoma.

Lililonikata maini ni maziko. Mwaka huu tumemzika mzee mmoja wa mtaani kwetu, mtu aliyesomesha Kurani nusu ya mtaa. Zamani jeneza likitoka mlangoni linapokewa na mikono ya majirani, huyu anaingia bega huyu anatoka, mpaka msikitini. Safari hii kwenye kichochoro kizima walobaki ni kaya tatu. Ilibidi tusubiri watu watoke Kiembesamaki, Bububu na Fuoni ndipo tupate wa kubeba, na wamekwama kwenye foleni ya Darajani. Wageni wamesimama mlangoni mwa hoteli, wengine kwa heshima zao, mmoja kanyanyua simu anapiga picha. Aliyemwambia ashushe ni yule bawabu, kijana wa bara, Mungu ampe kheri.

Venice, kule Italia, nako yamewafika. Mwaka 1951 mji mkongwe wao ulikuwa na wakaazi wapatao 175,000, mwaka 2022 wameshuka chini ya 50,000. Kuna duka la dawa karibu na daraja la Rialto limeweka dirishani kibao cha taa kinachoonyesha wakaazi walobaki. Sisi hata kibao hatuna, na sidhani kama kuna mkubwa anayetaka kukiona.

Mnauliza nataka nini. Nataka nyumba ya kukaa watu isigeuzwe ya wageni mpaka mtaa wenyewe usikilizwe. Nataka sehemu ya pesa anayotozwa mtalii kila usiku anaolala iende kwenye chokaa, boriti na mafundi wa nyumba za mirathi, kwa mkopo usio na riba, warithi wasaini kwa kadhi, wa Maskati na wa hapa wote. Na barua za bati ziandikwe pia kwa wenye mabwawa juu ya mapaa.

Mlobaki Malindi, Kiponda, Mkunazini, Baghani na Vuga nawaomba kitu kimoja. Pita kichochoro chako mlango kwa mlango, hesabu: ngapi wanakaa wenyewe au wapangaji, ngapi za wageni, ngapi zimefungwa zinangoja kuanguka. Andika hapa chini bila kutaja jina la mtu. Ikipatikana mitaa ya kutosha nitaipanga kwenye karatasi niipeleke kwa masheha, halafu kwa mwakilishi wetu, na atakalonijibu nitalileta hapa hapa.