Yaya amelipia jina lake ndani ya wimbo, sasa anataka tuchange

Mama Cherehani (Katuba, Lubumbashi)

Jambo yenu. Jumapili tuna kikao cha familia na sijui nitasema nini, nisaidieni.

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ananunua madini, ana depo ndogo barabara ya Likasi. Mwaka jana bei ilipokuwa nzuri alimpa mwanamuziki mmoja (simtaji) dola 1,500 ili amtupie libanga, yaani amtaje ndani ya wimbo. Wimbo umetoka. Jina linakuja dakika ya nne, halimalizi hata pumzi moja, na wamelikosea. Herufi moja tu, lakini hiyo herufi imetuhamisha ukoo, sasa sisi ni watoto wa watu wengine kabisa.

Hilo halikumvunja moyo. Ukienda kwake kula bukari, wimbo ukikaribia pale, wote kimya, hata kijiko kisigonge sahani. Mtoto wake wa miaka minne anapajua, anainua kidole kabla. Kisha wageni wanapiga makofi. Nisiwe mwongo, na mimi nilipiga.

Sasa mtu wa yule mwanamuziki anasema kusahihisha kunawezekana, katika wimbo unaofuata, kwa dola 800. Yaya anataka tuchange wote, kwa sababu jina si lake peke yake, ni la baba. Mimi nashona yunifomu za shule. Dola 100 anayonidai ni sketi za buluu ngapi, sitaki kuhesabu. Na kaburi la mama tangu 2022 ni udongo mtupu, msalaba ni wa mbao na mchwa wameshaufikia. Mifuko kumi ya sementi aliiahidi yeye mwenyewe siku ya kilio, mbele ya watu.

Muziki siuchukii, nashona redio ikipiga kutwa. Ila nikatae vipi bila kuambiwa nina wivu? Yeye ndiye mkubwa wetu.

Fundi Sauti

Mama, nilikaa studio miaka sita, acha nikuambie hiyo herufi ilipotelea wapi. Majina yanaletwa kwa simu, kwa ujumbe, kwa vipande vya karatasi. Mtu anayanakili kwa mkono, kisha atalaku, yule mpiga kelele wa bendi, anayasoma usiku wa manane, majina arobaini, ya watu asiowajua hata mmoja. Nimewahi kumsikia mmoja akisoma mpaka namba ya simu iliyoandikwa pembeni.

Na mwanamuziki naye usimlaumu kupita kiasi. Nyimbo zinanakiliwa mtaani kabla hajaonja faida, haki za mtunzi hazimlishi, na ilipita miaka Wakongo wa Ulaya waliokasirikia serikali wakazuia matamasha Paris na Brussels. Anayebaki wa kumlipa ni mwenye hamu ya kutajwa. Neno lenyewe ni Kilingala: libanga ni jiwe, na kobeta libanga, kuponda jiwe, ndiko kuhangaikia mkate. Anayeponda pale ni mwimbaji. Yaya wako, samahani, ndiye jiwe.

Kama lazima alipe, aandike jina kwa herufi kubwa.

Mzee wa Kamalondo

Binti yangu, mimi ni mtu wa Mazembe, timu yetu ya mpira hapa Lubumbashi, siwezi kuwacheka wanaopenda mastaa. Desemba 2010 huko Abu Dhabi tulipowafunga Internacional ya Brazil 2-0, timu ya kwanza ya Afrika kuingia fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, watu wa lupango, yaani ua wetu, wote tulisherehekea kama kipa wetu Kidiaba: tumekaa chini, tunarukaruka kwa matako. Kijana wangu alitoboa suruali ya shule, mama yake akanigombeza mimi. Fainali Inter ya Italia wakatupiga 3-0, na bado tuliruka.

Lakini Kidiaba jina langu halijui mpaka leo, na usingizi napata. Yaya wako hampendi huyo mwanamuziki. Mwulize wimbo unasema nini kabla ya dakika ya nne. Naona hajui.

Mama wa Goma

Huku kwetu mabanga ni mawe ya volkano, kuna mpaka mtaa unaitwa Mabanga. Wamama wanakaa kando ya barabara wanayaponda kwa nyundo yawe kokoto. Mara ya kwanza kusikia mtu amelipa ili atupiwe libanga nilidhani ni kesi ya polisi.

Wivu utaambiwa tu, dada. Julai 2016 mwanamuziki wetu Koffi Olomidé alimpiga teke mnenguaji wake uwanja wa ndege wa Nairobi, kamera inaona, Kenya ikamfukuza. Nikasema ni aibu. Shemeji yangu akaniuliza, "Wewe umeshaimba nini?" Kumbe ili uone teke lazima uwe na albamu! Video tuliitazama pamoja, simu moja. Mimi niliona teke, yeye aliona binti mkaidi.

Usichange. Nenda kikaoni na bei ya sementi.

Kijana wa Ruashi

Mnamwonea yaya. Mtu wa depo ndogo nani anamjua? Mchimbaji anapeleka mzigo kwa mtu aliyewahi kumsikia. Ofisi iliyokuwa inamkalisha kwenye benchi tangu asubuhi, baada ya wimbo watamfungulia mlango. Hapa mjini bila jina utazeeka kwenye foleni. Zile 1,500 zinaweza kurudi.

Mama Cherehani

Aksanti wote. Kijana wa Ruashi, ulikuwa umenishawishi, mpaka nikakumbuka kwamba jina walilolisikia si lake.

Kikao kimepita. Nilifanya kama Mama wa Goma, nikataja bei ya sementi, na wivu nikaambiwa, tena na shangazi. Yaya alinyamaza. Swali la Mzee nalo nilimwuliza, wimbo unasema nini, akajibu ni mambo ya mapenzi. Nimeusikiliza wote. Ni mtu anamlilia mama yake aliyefariki.

Jana amenipitia na gari tukaenda makaburini. Kati ya mifuko kumi ameleta sita. Njiani wimbo ulikuwa unapiga, na ulipofika pale pake aliongeza sauti.