Tupeane uzoefu: Krismasi na mwaka mpya Zanzibar, wewe yalikukuta yepi?

Msafiri wa Ilala
Wakuu habari za jioni. Leo nimepita bandarini pale Posta nikaona foleni ya tiketi za boti imetoka mpaka nje, watu na mabegi, watoto mgongoni, na ndiyo kwanza tarehe 19. Nikakumbuka yangu. Mimi na mama watoto tulilipia chumba Nungwi wiki tatu kabla, risiti ninayo kwenye simu, tukashuka Malindi magharibi, tukafika Nungwi saa mbili na nusu usiku tunaambiwa chumba kina watu tangu jana. Wamelipa zaidi, basi. Tarehe 30 hiyo, kijiji kizima kimejaa, kila geti unalogonga mlinzi anatikisa kichwa kabla hujasema neno. Tukalala mapokezi, mimi kwenye kiti, mkubwa kalalia begi la nguo. Alfajiri mpishi wa palepale akatuona, akatupa chai ya tangawizi, akampigia dada yake anayekaa huko ndani kijijini, tukapewa chumba cha uani, shuka zinanukia udi. Siku nne tulikaa kwa yule mama na hela ya chumba ilibidi tumlazimishe kupokea.
Haya, nani mwingine yalimkuta msimu huu wa sikukuu? Mwageni hapa.

dogo_wa_Mbagala
Mkuu umenigusa, mimi naenda tarehe 27 mara ya kwanza. Nasoma kila comment.

Kaka Mkubwa
Mimi ilikuwa tiketi. Nilichelewa kukata nikauziwa na jamaa nje ya geti, jina la kwenye tiketi ni la mwanamke, mkaguzi akaangalia kitambulisho akaangalia tiketi akanirudisha. Mke na watoto wameshapita ndani, tunaangaliana kwenye nondo. Wakaondoka bila mimi. Dogo kata dirishani kwa jina lako, hao wa nje achana nao kabisa.

Neema K
+1 kwa hilo la tiketi, yalinikuta hayohayo.

Shangazi wa Tanga
Na bahari je? Nilitapika kuanzia tunatoka mlango wa bandari Dar mpaka Malindi, saa mbili nzima. Dogo usile kitu kabla ya kupanda.

Kaka Mkubwa
Shangazi hapana, tumbo tupu ndiyo linachafuka zaidi. Ale mkate mkavu, akae chini, nyuma, katikati ya boti.

Neema K
Chini hewa nzito jamani, harufu ya wanaotapika inakumaliza. Akae juu apigwe na upepo, atafune tangawizi, macho kwenye nchi kavu.

dogo_wa_Mbagala
Sasa nikae wapi?

Mchumi Sinza
Mimi nalalamikia Jambiani. Nimelipa hela nyingi ya chumba cha mbele ya bahari, naamka saa nne asubuhi bahari haipo! Imeenda huko, unaona mstari mweupe tu kwa mbali. Nikasema nitembee niifuate, kumbe chini kote ni vijiti na kamba, nimejikwaa, nimekanyaga ule mdudu mweusi wa miiba, mguu umevimba siku tatu. Ufukwe mzuri hivi kwa nini wasitoe yale mavijiti msimu wa wageni?

Jambiani Kwetu
Mavijiti? Kaka yangu yale ni mashamba ya mwani. Mama yangu kanisomesha na vile vijiti. Mwani unalimwa huku kwetu tangu 1989, na kazi yake inafanywa maji yakikupwa, hasa siku za bamvua yanapokupwa mbali kabisa, mama anakwenda saa mbili asubuhi anarudi adhuhuri mgongo umepinda, chumvi imemkausha vidole mpaka vimepasuka, akauze kilo yake kwa bei ya kukatisha tamaa. Halafu Desemba mnakuja mnatembea juu ya kamba, mnapiga picha katikati ya shamba, mche ukikatika hausimami wenyewe. Mwaka juzi jirani yetu alikuta mistari sita imechanwa, watu wamecheza mpira juu yake. Alikaa kwenye maji akalia.

Mchumi Sinza
Sikujua dada, hakuna mtu aliyeniambia pale hotelini. Lakini na nyie bei mnatupandishia. Mbara akifungua mdomo tu kila kitu kinapanda. Gari la kutoka mjini mpaka huko niliambiwa laki na nusu, mwenyeji mbele yangu kapanda kwa elfu sitini.

Jambiani Kwetu
Panda gari namba 309 hapo mjini, nauli unalipa kama mimi, unakaa na ndoo za samaki unafika. Mwenye gari la kukodi si mie wala si mama yangu.

Neema K
Wote mna haki, tusigombane. Miiba utomvu wa papai bichi, paka, unatoka wenyewe.

Kaka Mkubwa
Siki.

Shangazi wa Tanga
Papai.

Mtoto wa Ng'ambo
Yakhe, nyie mnalilia bahari kukupwa. Sie tulikuwa na nyumba ya wageni Mji Mkongwe, Desemba 2009. Tarehe 10 umeme ukakatika kisiwa kizima, hitilafu kwenye ule umeme unaotoka bara kwa waya wa chini ya bahari, haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Krismasi ndani, mwaka mpya ndani, Mapinduzi 12 Januari ndani. Umeme hakuna, pampu hazivuti, maji hakuna. Nilikuwa na miaka 16, nilipandisha ndoo ghorofa ya tatu asubuhi na jioni, ngazi zenyewe mnazijua za nyumba zile, nyembamba na zinapinda. Wageni wengi waliondoka. Wakabaki wazee wawili mke na mume Wajerumani, siku ya tatu nikamkuta mzee yule yupo chini kisimani na ndoo yake, kavaa kikoi, anapanga foleni na akina mama. Mchana mtaa mzima jenereta zinanguruma, usiku zikizimwa unasikia mawimbi ya Forodhani mpaka kitandani. Waya mpya ulipokuja 2013 baba alichinja mbuzi.

mama_watatu
Nimesoma tangu mwanzo nikitaka kunyamaza lakini hilo neno la maji kukupwa limenirudisha. Naandika kwa ajili ya huyo dogo wa Mbagala na wengine wanaokwenda na watoto.

27 Desemba 2023. Mwezi ulikuwa mpevu, wakati ule hata sikujua kama mwezi una uhusiano wowote na safari yangu. Tulikuwa saba, mimi, mdogo wangu na mumewe, watoto wangu watatu na mama mkwe wa miaka 68. Tukakubaliana bei na kijana mmoja pale ufukweni mjini, akatupeleka lile fungu la mchanga la Nakupenda, tukafika saa nne. Jamani ni pazuri, sitasema uongo. Mchanga mweupe katikati ya bahari, mrefu kama uwanja wa mpira, boti nyingi, watu wanachoma pweza, matunda yamekatwa yamepangwa kwenye majani. Kijana akasema ana wageni wengine anawapeleka kisiwa cha Changuu kuona kobe, atarudi saa saba kutuchukua. Majaketi ya kuogelea yalibaki kwenye boti yake na sikuwaza.

Saa sita mwanangu wa kati akasema mama, mchanga unapungua. Nikacheka. Alikuwa amepanga kandambili zake ukingoni, akazisogeza. Akageuka zikaelea tena. Akazisogeza tena. Saa saba nikapiga simu haipatikani, na boti zingine zinajaza watu wao zinaondoka moja baada ya nyingine, kila mmoja anajua na sisi tuna ya kwetu, na mimi aibu ilinizuia kupiga kelele, hiyo aibu naijutia mpaka leo. Saa saba na nusu tumebaki sisi tu. Fungu lote limekuwa kama sebule. Maji hayaji na wimbi, yanakuja kimya yanapanda kila upande, unatazama mguu wako unaona yamefika kwenye kifundo, halafu kwenye goti. Mdogo wa miaka minne yuko mabegani kwa shemeji, kandambili za yule wa kati zimeshaondoka tunaziona zinakwenda. Mama mkwe akanishika mkono akaanza kusoma Yaasin kwa sauti, hajakosea aya hata moja. Mimi nilikuwa nimesahau hata jina langu.

Mashua ya wavuvi ilikuwa inarudi mjini. Shemeji akavua shati akalipunga. Waligeuza. Yule mzee aliyekuwa ameshika usukani hakutuuliza tumefikaje, alisema tu hesabu watu wako, mama. Nikahesabu. Akasema hesabu tena. Nikahesabu tena, ndipo akaondoa mashua. Nilikaa juu ya nyavu mbichi, magamba ya samaki yameganda kwenye gauni, yule wa mwisho kalala mapajani. Tulipishana na boti ya yule kijana njiani, saa nane na nusu, anakuja mbio anatupungia. Injini ilimzimikia Changuu.

Neema K
Mungu wangu.

dogo_wa_Mbagala
Pole sana mama. Shikamoo.

Kaka Mkubwa
Huyo kijana ni wa kupelekwa polisi! Ulimshtaki?

mama_watatu
Marahaba mwanangu. Sikumshtaki. Alitufuata mpaka ufukweni, akapiga magoti mbele ya mama mkwe analia, ana miaka kama kumi na tisa, asubuhi ile alikuwa ameshapeleka makundi matatu na boti si yake.

Kaka Mkubwa
Machozi hayaokoi watoto dada. Kesho anafanya hivyohivyo kwa wengine.

Mtoto wa Ng'ambo
Wa kushtakiwa ni mwenye boti anayempangia makundi matatu kwa injini moja. Kijana akikataa anapewa mwingine.

Nahodha Mstaafu
Nimeendesha vyombo miaka thelathini, naomba mnisikilize. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua. Maji yanakupwa kwenye saa nne asubuhi, yanajaa saa kumi jioni, na yanapanda karibu mita nne. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Fungu lile kwenye maji makubwa linazama lote. Kwa hiyo siku ya bamvua saa sita mchana uwe umeshaondoka, na boti iliyokuleta ikae palepale imetia nanga unaiona, usikubali iondoke hata kwa dakika kumi. Majaketi yashuke na nyie. Mkitaka kuogelea saa yoyote nendeni Nungwi au Kendwa, maji hayakimbii mbali. Paje, Bwejuu, Jambiani yanarudi mpaka kwenye mwamba, huko uliza kwanza saa. Na kwenye boti za abiria mkiona watu wamezidi shukeni. Meli ya Spice Islander ilizama mkondo wa Nungwi Septemba 2011, siku kama kumi tu baada ya Idi, watu wanarudi Pemba makwao. Nina jamaa zangu mle.

Msafiri wa Ilala
Pole mzee wetu. Nimenakili hayo yote.

Mpemba Halisi
Njooni Pemba. Ufukwe wa Vumawimbi mwaka mpya unahesabu watu kwa vidole.

Mtoto wa Ng'ambo
Usiwaite wee!

Neema K
Mama watatu, bibi yao yupo salama?

mama_watatu
Yupo, mzima. Anataka twende tena mwaka huu ila akae mchanga wa nchi kavu, nimeshakata tiketi za tarehe 28, Jambiani. Dada wa Jambiani Kwetu, mama yako anatengeneza na sabuni za mwani? Bibi anazitaka.

Jambiani Kwetu
Anatengeneza. Mwambie bibi aje asubuhi maji yakikupwa, atamkuta shambani. Mpite kando ya kamba, mie nitawaonyesha njia.