Naomba ushauri: ofisi ya umma haijanilipa, sacco inanidai
Wadau, hamjambo. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Kondele, Kisumu. Mwaka juzi niliiuzia ofisi moja ya umma saruji na mabati. LPO, ile hati rasmi ya kuagiza bidhaa, ninayo, imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Kila nikienda naambiwa, "Mama, pesa haijashuka." Sacco nayo haingoji.

Msimamizi wa Bajeti ndiye huidhinisha pesa zitoke Hazina. Tena mwaka 2023 Bunge liliondoa kikomo cha deni la taifa cha shilingi trilioni 10, likaweka asilimia 55 ya pato la taifa, kwa thamani ya sasa ya deni, yaani malipo ya baadaye yakipimwa kwa thamani ya leo. Sawa, lakini deni hili ninaloidai serikali linahesabiwa wapi? Nimwandikie huyo Msimamizi, au niende kortini? Aliyewahi kulipwa alipitia mlango gani?