Tupeane uzoefu: picha iliyoungua kwa mwanga uliiokoaje?

Kijana wa Shangani
Wakuu, habari za jioni. Jua la huku Mtwara mnalijua. Katikati ya Oktoba linapita utosini kabisa, mwishoni mwa Februari linatupitia tena, na harusi hazisubiri lishuke. Mchanga, kuta za chokaa, shela, kanzu, vyote vinaungua, yaani vinatoka vyeupe tupu. Kazi yangu ni kuediti, tena picha za wapigaji wengine, kwa hiyo kesi hizi naletewa kila mara. Tupeane uzoefu: iliungua wapi, faili lilikuwa la aina gani, ulifanya nini, ikarudi au ikagoma. Jibu la "punguza mwanga tu" halihesabiki.

Naanza mimi. Maharusi mbele ya Boma la Mikindani, lile la Wajerumani la mwaka 1895, saa saba mchana. Faili la RAW, yaani lile ghafi ambalo kamera haijalipika. Ukutani palikuwa peupe pe, lakini nilipovuta slaida ya hailaiti (ile ya kushusha sehemu zenye mwanga mkali) mpaka mwisho, nyufa za plasta zikajitokeza, hata kivuli cha dirisha. Kilichonisumbua ni anga: ukingoni mwa wingu pakaingia rangi ya waridi. Picha ina chaneli tatu, nyekundu, kijani na bluu, na kwenye jua la mchana kijani ndicho hujaa kwanza. Kikishagota, yaani kikifika mwisho, huku nyingine mbili bado zina nafasi, programu ikija kusawazisha weupe inazipandisha hizo mbili, ndipo uwaridi unapotokea. Nikahamia darktable, programu ya kuediti ambayo ni ya bure. Ina moduli ya kujenga upya sehemu zilizoungua, inakisia chaneli iliyokufa kwa kuangalia zilizo hai. Wingu likarudi. Karibu na jua lenyewe, ambako zote tatu ziligota, sikupoteza muda.

Chumvi Tele
Mkuu, mimi niko Lindi, na yangu ni ya mashamba ya chumvi. Ndugu mmoja alipiga kwa simu, JPEG, ile picha ya kawaida iliyokwishabanwa, akataka itoke bango. Marundo yote yanasoma 255, yaani mwisho wa weupe. Nikishusha hailaiti, weupe unageuka kijivu kama majivu ya jikoni, na hakuna hata punje inayoonekana. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila chaneli, RAW ya biti 14 ina 16,384, na tena JPEG kamera imeshaipika na mabaki imeyatupa.

Nikarudisha slaida ilipokuwa. Chumvi ni nyeupe jamani! Nikahamia kwenye vivuli, nikainua nyuso za akina mama waliokuwa wanakusanya, zikaonekana mpaka chembe zilizogandia mikononi. Aliyeagiza bango hajawahi kuniuliza habari za marundo. Mnaookoa kila cheupe mnatupa picha chafu, nasema wazi.

Mpambe wa Masasi
Kaka Chumvi, kwenye chumvi sawa. Kwenye shela, mama wa bibi harusi atakufuata mpaka dukani kwako. Amelipia ile lesi!

Mimi niliwahi kuletewa picha ambayo bega lote la kushoto lilikuwa tupu, lesi haipo. RAW yenyewe haikuwa na kitu pale, nilibonyeza Alt huku nikivuta slaida ya weupe (hapo skrini huonyesha palipoungua), bega likabaki limewaka. Nikaomba kadi nzima ya kamera. Nikakuta nyingine ya pozi lilelile, iliyopigwa wingu likiwa limeziba jua kidogo, maua ya lesi yanahesabika. Nikaziweka leya mbili Photoshop, nikazipanga, nikaficha ile ya wingu, iliyokuwa juu, kwa maski (kifuniko), kisha nikapaka bega peke yake kwa brashi laini ili lionekane. Ile ya kivulini ilikuwa na ubluu, nikaipasha joto kidogo mpaka ngozi ya shingo ikafanana. Kwa hiyo kabla ya kuhangaika na slaida, omba kadi yote.

Mkilwa
Sisi tunaotembeza wageni Kilwa Kisiwani shida yetu ni ule Msikiti Mkuu. Ndani giza, uwazi wa nje unawaka. Hapo hakuna faili moja litakalobeba yote. Napiga tatu kwenye stendi, moja ya kawaida, moja ya giza, moja ya mwanga, naziunganisha kwenye Lightroom. Nguzo zinatoka na nje inatoka. Upepo ukivuma majani ya nje yanaonekana mawili mawili, washa ile sehemu ya kuondoa mizimu, yaani hayo marudio. Na usizidishe, kuna picha za magofu yetu huko mitandaoni zinang'aa utadhani zimepakwa mafuta.

Mmakonde Halisi
Nyongeza fupi. Zile alama zinazowakawaka kwenye kioo cha kamera, pamoja na histogramu (grafu ya mwanga), zinasoma JPEG ambayo kamera huitengeneza ndani hata kama unapiga RAW. Zikiwaka kidogo, mara nyingi RAW bado ina akiba. Usifute pale pale.

Msimbati Beach Boy
Mbona mnateseka? Siku hizi akili mnemba unaiambia tu, inajaza anga yenyewe.

Kijana wa Shangani
Inajaza, ndiyo, lakini inajaza ya kwake. Niliona bahari ya Msimbati imewekewa mawingu mazito ya masika wakati watu wote wana vivuli vikali miguuni. Kwa kadi ya mwaliko sawa. Kwa picha ya habari au ya ushahidi wa mpaka wa shamba, hapana. Pale kwenye weupe hapakuwa na wingu lolote lililorekodiwa, lile ni lake.

Mgeni wa Newala
Wakuu mimi nina ya marehemu babu, uso upande mmoja mweupe kabisa. Nilitumiwa WhatsApp. Itawezekana?

Mpambe wa Masasi
Pole sana mdogo wangu. Hiyo ya WhatsApp usiiguse kwanza, imeshabanwa. Mtafute aliyepiga, mwambie akutumie ya kwenye simu yake kama dokyumenti, siyo kama picha. Kisha iweke hapa tuone chaneli nyekundu. Kwenye ngozi hiyo ndiyo ya kuangalia kwanza.