Vitoto vitatu sijui niviite dume au jike: tatizo ni chakula au beberu?

MamaMbuzi_Arumeru aliandika:

Habari za jioni wadau. Nafuga mbuzi wa maziwa, Toggenburg, majike saba, wote wa bandani huku Arumeru. Tangu nianze nachagua wasio na pembe. Mwaka wa kwanza jike mwenye pembe alimpasua mwenzake kiwele wakigombea majani ya mgomba. Tulishona, kikapona, lakini chuchu ya upande ule haijatoa maziwa hadi leo. Nikaapa: pembe basi. Niliyembakiza ni mmoja tu, namwita Bibi, kwa sababu ya maziwa yake, na amejengewa chumba chake peke yake kama mfungwa.

Mwaka jana kikundi chetu kikaleta beberu mpya. Kichwa kitupu, laini kama kiazi. Nikafurahi mno, nikawa wa kwanza kwenye foleni.

Msimu huu nimepata vitoto 11. Madume sita, majike wawili, na vitatu ndivyo vinavyoninyima usingizi. Vilipozaliwa niliviandika majike kwenye daftari. Baadaye nikaona uke ni mdogo na umeshuka chini, na kwenye ncha kumechomoza kitu kama punje ya njegere. Vikikojoa mkojo unaruka juu kwa nyuma. Sasa vina miezi mitano: kimoja kinanuka beberu kabisa, kinakunja mdomo na kuwapanda wenzake, hata Bibi kinamchungulia kwenye tundu la mbao.

Jirani anasema ni soya niliyochanganya kwenye pumba. Mama mkwe ana lake, siliandiki hapa. Mwingine anasema ni mapacha, kama ng'ombe, jike akizaliwa na dume anakuwa tasa. Kweli viwili vilizaliwa na kaka zao, lakini cha tatu kilizaliwa peke yake. Je, kuna dawa? Vitazaa?

Mzee_wa_Kongwa:

Hao ni huntha mama. Havizai. Nenepesha, uza. Huku kwenye mbuzi wa kienyeji nimewaona wawili tu maisha yangu yote, wewe umepata watatu kwa mkupuo mmoja! Hongera au pole, sijui.

daktari_wa_kata:

Mama, soya haina kosa. Kabla sijaendelea nijibu mawili: (1) vitoto vyote 11 vina pembe au havina? (2) Bibi alizaa nini?

MamaMbuzi_Arumeru:

Shikamoo daktari. Nimetoka kuwashika vichwa mmoja mmoja kwa tochi ya simu. Hakuna hata mmoja mwenye pembe. Bibi alizaa pacha, dume na jike, na wote wawili ni wazima, jike maumbile yake yamekaa sawa. Yule jike mwingine mzima ni wa mama asiye na pembe.

daktari_wa_kata:

Marahaba. Basi umeshajijibu mwenyewe bila kujua.

Kwa mbuzi, kukosa pembe na uhuntha vinabebwa na jeni moja. Mtafiti Asdell aliandika kuhusu uhusiano huo tangu mwaka 1944, na mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa wakaonyesha penyewe palipoharibika: kwenye kromosomu ya kwanza kuna kipande cha herufi kama 11,700 za DNA kimekatika. Kipande hicho ndicho kinachoziwasha jeni za jirani, mojawapo ikiitwa FOXL2, inayokiamuru kijusi cha kike kitengeneze ovari. Isipowashwa, kijusi hicho kinatengeneza korodani badala yake. Kwa hiyo hao watatu wako ni majike kwa kromosomu, ila ndani wana korodani, na mbegu hazina. Dawa hakuna.

Sasa hesabu. Mbuzi akirithi jeni hiyo ya kukosa pembe kutoka kwa mzazi mmoja tu, anakosa pembe na anazaa vizuri. Akiirithi kwa baba na kwa mama, dume anakuwa dume, jike anakuwa huntha. Ndiyo maana kila jike asiye na pembe aliyewahi kuzaa, jua ana nakala moja tu. Angekuwa na mbili asingezaa.

Beberu naye anaweza kuwa na moja au mbili. Angekuwa na moja, ungetegemea robo ya vitoto vya majike wako wasio na pembe viwe na pembe, na kwa Bibi nusu. Wewe huna hata kimoja. Mimi namshuku ana mbili. Hapo kila jike anayezaliwa na mama asiye na pembe ni kama kurusha shilingi: huntha au mzima. Kwa Bibi hawezi kutokea huntha, kwa sababu Bibi hana hiyo jeni ya kumpa mtoto.

La mapacha ni kweli kwa ng'ombe, damu zao zinachanganyika kwenye kondo la nyuma. Kwa mbuzi ni nadra sana, na hicho kilichozaliwa peke yake kinakuondolea shaka.

Halafu waulize wenzako kwenye kikundi kama kuna majike wanaorudia joto baada ya kupandwa naye. Baadhi ya mabeberu wenye nakala mbili mirija ya mbegu huziba wakawa tasa, japo kwa macho wanapendeza.

Abuu_Tanga:

Samahani kuingilia, huntha anafaa kwa udhia? Nina mteja ananisumbua.

daktari_wa_kata:

Nyama ni salama, tatizo harufu tu akikaa sana. La udhia kamuulize shehe ndugu yangu, mimi nimesomea mifugo.

MamaMbuzi_Arumeru:

Daktari nimekaa chini kwanza. Yaani miaka yote hii nawauza wenye pembe kwa bei ya kutupa, kumbe nilikuwa namuuza mkombozi! Na kwenye kikundi wawili wameshakiri majike zao yamerudia joto mara tatu. Walikuwa wananyamaza wasimuudhi mwenyekiti.

Swali la mwisho. Kata ya jirani kuna mtu ana beberu, naye hana pembe. Naye nimkimbie?

daktari_wa_kata:

Usimkimbie, kampapase. Wengi "wasio na pembe" walichomwa vipembe kwa chuma cha moto wakiwa na siku chache. Huyo kwa jeni ni mwenye pembe na ndiye unayemtaka. Aliyechomwa ana kovu bapa, pengine kijipembe kilichopinda kimechomoza pembeni. Aliyezaliwa bila pembe ana vinundu viwili vya mviringo na manyoya yamefunika kote. Kwa kitoto kichanga angalia manyoya: mwenye pembe ana vizingo viwili, kimoja kila upande, na ngozi pale imeshika mfupa haisogei.

MamaMbuzi_Arumeru:

Nimetoka huko sasa hivi, nguo zote zinanuka beberu. Nimemshika kichwa mwenye mbuzi akinishangaa. Upande wa kushoto kuna kovu kubwa kama sarafu ya mia mbili, halina unywele. Wa kulia kijipembe laini kama ukucha, kinatikisika. Mwenyewe akakumbuka kuwa ni marehemu baba yake aliyemchoma, kwa nondo.

Jumamosi naenda na majike wawili. Baba watoto amepewa kazi ya kugawa hori kwa mbao, kila mbuzi na tundu lake la kuingiza kichwa, maana pembe zinarudi nyumbani. Wale watatu wanaondoka mwezi ujao, muuza supu wa stendi ameshawapima kwa macho.